Ubeti wa Nne

Sajini Anania Mwaihojo alishuka kwenye basi pale Iringa akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na jambo la kwanza aliloliona ni tangazo la ile santuri aliyokuwa akiitafuta. Lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka la gramafoni, kwa herufi nyekundu, kila mpita njia alione. Alikuwa amekaa kutwa nzima kutoka Mbeya, magoti yamebanwa na gunia la mchele lililopakiwa Chimala, akidhani atalazimika kuupekua mji mzima. Kumbe kitu chenyewe hakikufichwa hata kidogo. Mwizi anayeficha humpa mpelelezi kazi. Asiyeficha humpa mashaka.

Kesi hii ilikuwa imemkwama kooni kwa miezi mitatu. Ilianza mwezi wa tano mwaka huo wa 1957, siku Jailos Mwasomola alipofika kituoni Mbeya kushtaki wizi. Jailos alikuwa fundi redio wa mtaa wa Majengo. Kazi ya nyaya aliijulia jeshini, vitani Burma, na baada ya vita akanunua mashine ya kurekodi kwa tepu kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Chumba kimoja cha nyumba yake alikigeuza mahali pa kurekodia. Kutani alitundika mablanketi, pembeni akapanga magunia ya pumba za mpunga ili sauti isirudi mwangwi, na maikrofoni akaining'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, kusudi kishindo cha miguu kisiingie. Umeme haukufika mtaani kwake, kwa hiyo mashine aliiendesha kwa betri ya lori. Wapiga gitaa walimjia toka Mbalizi, wengine toka kwenye machimbo ya Makongolosi.

Maelezo ya Jailos yalikuwa mafupi. Siku ya Alhamisi alimrekodi Crispin Kihwele, mpiga gitaa, pamoja na mkewe Paskalina, mwimbaji. Wimbo ulikuwa wa beti nne. Walipomaliza ubeti wa tatu betri ikaisha nguvu, wakakubaliana warudi Jumamosi kumalizia ubeti wa nne. Ijumaa jioni Jailos akafungua kasha, akakuta tepu haipo. Kufuli zima, na ufunguo uko kwenye msumari wake. Waliojua msumari huo ulipo walikuwa wawili: yeye na Crispin.

Jumamosi Crispin akaja, akaambiwa tepu imeibwa, akampiga Jailos kofi mbele ya majirani. Sajini alipokwenda kupekua nyumbani kwa Crispin, akakuta boksi tupu la tepu lenye mwandiko wa Jailos. Crispin akasema alipewa boksi hilo zamani, atunzie nyuzi za gitaa. Na kweli lilikuwa na nyuzi. Lakini kofi, ufunguo na boksi, vitatu kwa pamoja, vilitosha. Sajini akamfunga pingu kwa mikono yake mwenyewe. Paskalina alipoambiwa kwamba mumewe ameiuza sauti yake kwa siri, alikusanya nguo zake, akarudi kwao Iringa bila kuaga.

Tangu hapo kesi iliahirishwa mara mbili kwa sababu tepu haikuonekana, na Crispin alikuwa bado mahabusu. Jumatatu iliyofuata hakimu alikuwa atoe uamuzi. Sajini alipoomba kwenda Iringa kufuata habari za santuri, Inspekta wa kituo, Mzungu aliyependa majalada membamba, alimwuliza kama serikali inalipia nauli za watu kusikiliza muziki. Mwishowe akampa siku tatu. Ya kwanza ilikuwa imeliwa na barabara.

Mwenye duka aliitwa Edmund Luvanda, mtu nadhifu mwenye sauti ya upole. Alimpa Sajini kiti, akamwagizia chai, akaitoa santuri na kuipiga bila kusubiri kubembelezwa. Kwenye lebo iliandikwa jina lake na la kundi lake. Alieleza kwamba wimbo ni wake, wameurekodi Nairobi, na mwimbaji ni Benedicta, shemeji yake, anayeishi nyumba ya tatu kutoka dukani. Sajini akataka kumwona. Benedicta akaitwa, akafuta mikono yenye unga, akaimba ubeti wa kwanza amesimama palepale kaunta.

Sajini aliimba besi katika kwaya ya Moravian tangu ujana wake, na masikio yake aliyaamini kuliko macho. Aliinamisha kichwa asikilize. Sauti ilikuwa ileile ya kwenye santuri, au karibu na ileile kiasi kwamba hakuna hakimu ambaye angezitenganisha. Aliuliza fundi wa Nairobi anaitwa nani. Edmund akasema amemsahau. Aliuliza stakabadhi. Edmund akasema zilibaki kwenye koti, na koti aliligawa. Kila swali lilipata jibu, na kila jibu lilikuwa bovu kidogo, lakini bovu si uongo mpaka uthibitishwe. Sajini akaichukua santuri kama kielelezo, akatia saini, akatoka amekunja uso. Chai ya watu alikuwa ameiacha bila kuigusa.

Kilichobaki kilikuwa kile alichokuwa akikikwepa tangu asubuhi: kumwona Paskalina.

Kesho yake alipanda mpaka upande wa misheni ya Tosamaganga. Alimkuta Paskalina ametandaza mahindi juani kwenye mkeka, anachambua mabovu. Sajini akamwamkia kwa Kihehe, "Kamwene." Akaitikia kwa heshima lakini hakuinua macho. Sajini alipomweleza kilichomleta, Paskalina alisema hana haja ya kusikia kitu hicho. Aliyekiuza ameshamjua, na aliyemjulisha ni Sajini mwenyewe. Sajini alimwomba tu asikilize mara moja, kisha amfukuze akitaka.

Gramafoni waliipata kwa katekista wa jirani, mzee Timotheo, ya kuzungusha kwa mkono. Timotheo aliiweka kibarazani, akaizungusha hadi springi ikakaza, akashusha sindano.

Gitaa likaanza. Paskalina akaacha mahindi. Sauti ya mwanamke ilipoingia, alikaza macho kwenye santuri mpaka beti tatu zikapita, mikono yake imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Ubeti wa nne ulipoanza, akainua kichwa.

"Huyu si mimi," alisema.

"Na yule wa mwanzo?"

"Wa mwanzo ni mimi. Beti tatu zote ni mimi. Huyu anayemalizia simjui, na hata maneno ya ubeti wa nne hayajui. Anarudia maneno ya ubeti wa kwanza."

Sajini alimwuliza maneno ya kweli ya ubeti wa nne ni yapi na nani anayajua. Alijibu kwamba yalimhusu marehemu bibi yake. Aliyatunga yeye, akamwimbia Crispin peke yake, na siku ile betri ilikufa kabla hajayatamka mbele ya maikrofoni.

Hilo lilikuwa neno la mke kumhusu mumewe, na mahakamani neno la namna hiyo huchekwa. Sajini akamwomba Timotheo apige tena. Safari hii jambo lingine likamkera sikioni, jambo ambalo dukani lilifichwa na kelele za barabarani. Wimbo ulikuwa unapanda. Si kwa ghafla. Ulipanda taratibu, kama maji kwenye mtungi, hata mwisho wa ubeti wa tatu gitaa likawa limevuka mahali lilipoanzia na sauti imekuwa nyembamba. Ubeti wa nne ulipoingia, kila kitu kikashuka kurudi mahali pake.

Akamwomba Paskalina aimbe sambamba na santuri. Alikataa, kisha akakubali kwa sauti ya chini. Alianza vizuri. Katika ubeti wa tatu akanyamaza, amekunja paji la uso.

"Inanivuta juu. Mimi sikuimba hivyo."

Sajini alifikiri kwanza kosa ni la gramafoni. Timotheo akatikisa kichwa. Springi ikilegea, alisema, santuri huenda polepole na sauti huwa nzito. Haijapata kuwa nyembamba. Sajini alibaki amesimama na kofia mkononi, akikumbuka alivyoelezwa na Jailos mwenyewe wakati akikagua kile chumba. Betri ikichoka, mashine huvuta tepu polepole. Baadaye ukiipiga tepu hiyo kwa mwendo wake wa kawaida, kile kilichonaswa polepole kitapita haraka, na sauti itapanda. Ndicho kilichokuwa kwenye santuri. Hizi hazikuwa beti za Nairobi kwenye umeme wa mji. Zilirekodiwa Majengo, Alhamisi ile, na betri inayokata roho.

Basi tepu ya wizi ilikuwa imepatikana, lakini hilo bado halikumsaidia Crispin. Mwizi angeweza kuwa yeye vilevile.

Ndipo Sajini akainama hadi sikio likakaribia kugusa tarumbeta ya gramafoni. Chini ya gitaa kulikuwa na kitu kidogo kikigonga, tik, kimya, tik. Akavua saa ya mkononi, akahesabu. Ubeti wa kwanza, mapigo kumi kwa sekunde kumi na moja. Ubeti wa tatu, ambako wimbo ulikuwa unakimbia, kumi kwa sekunde kumi na moja. Mguu wa mpigaji ungekimbia na wimbo. Mlio huu haukukimbia, ulifuata urefu wa tepu, haukufuata muziki. Ulikuwa mlio wa mashine. Jailos aliwahi kumwonyesha gurudumu dogo la mpira linalosukuma tepu, lililobonyea siku mashine ilipoanguka kwenye lori, na akalalamika kwamba kila likizunguka linaacha alama yake.

"Rudisha," alimwambia Timotheo. "Nataka ubeti wa nne."

Akahesabu tena. Tik, kimya, tik. Kumi kwa sekunde kumi na moja.

Sajini Anania aliketi kwenye ngazi ya katekista. Paskalina akamwuliza amesikia nini. Alimwambia kwamba wiki ile ya mwezi wa tano alimfunga pingu mtu asiyehusika, na kwamba anamwomba waondoke wote kesho asubuhi kwa basi la kwanza.

Jumatatu Inspekta hakufurahi hata kidogo. Alikuwa na gari la kukagua, na juu ya meza yake sasa kulikuwa na gramafoni, na pembeni mashine ya Jailos pamoja na betri ya lori inayonuka asidi. Jailos aliitwa kama mlalamikaji, aje aitambue mali yake. Alikuja amevaa shati jeupe, akaibeba mashine yake mwenyewe, hakutaka askari aiguse. Paskalina alibaki nje kwenye benchi, kwa kuwa Sajini hakutaka shahidi asikie kabla ya zamu yake.

Sajini alikuwa na maswali matatu tu, na alimtaka Koplo aandike kila jibu. La kwanza, je, mashine hii imewahi kutoka nyumbani kwa Jailos kabla ya leo? Jailos akasema haijatoka tangu siku aliyoileta kutoka kwa yule Mzungu. La pili, kuna mtu mwingine Mbeya anayejua kuiendesha? Jailos akatabasamu kidogo, akasema hakuna. La tatu, tepu ilipoibwa, ilikuwa na beti ngapi?

"Tatu. Nilishasema. Ubeti wa nne haukurekodiwa."

Akatia saini. Ndipo Sajini akapiga santuri.

Inspekta alisikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia wimbo. Sajini akamweleza habari ya sauti kupanda. Inspekta akasema hasikii kitu kinachopanda, na kwamba watu wa milimani wote huimba hivyo. Sajini aliuma meno. Miezi mitatu ya kazi ilikuwa inafia kwenye masikio ya mtu asiyejua kuimba.

Akaomba ruhusa, akamwita askari amlete Crispin.

Crispin aliingia amekonda, kaptura ya mahabusu imefungwa kwa kamba kiunoni. Sajini alimpa gitaa lililochukuliwa nyumbani kwake, akamwambia akaze nyuzi zake kwa kufuata santuri. Sindano ilishuka. Crispin alipoisikia sauti ya mkewe aligeuka kutazama dirishani, lakini vidole vilifanya kazi yake. Alipolingana na santuri sawasawa, Sajini akamwamuru apige pamoja nayo mpaka mwisho, asibadili uzi hata mmoja.

Ubeti wa kwanza magitaa mawili yakawa moja. Wa pili yakaanza kukwaruzana. Wa tatu hata Koplo aliyekuwa akiandika alishika sikio. Inspekta akakunja uso, akasema kijana amepoteza njia. Ubeti wa nne ukaingia, na magitaa mawili yakakaa pamoja tena, safi, wala Crispin hakuwa amegusa ufunguo wa kukaza nyuzi.

Inspekta akaagiza ipigwe upya. Baada ya mara ya pili hakusema tena habari za watu wa milimani.

"Sasa naomba Bwana Inspekta useme maneno machache hapa," alisema Sajini, akimsogezea maikrofoni ya Jailos.

Inspekta akahesabu moja mpaka thelathini kwa Kiswahili chake kigumu. Jailos aliambiwa airudishe tepu na kuipiga. Alikosa njia ya kupitisha tepu mara mbili. Sauti ya Inspekta ikatoka ikihesabu, na chini yake, bila kukosea, tik, kimya, tik. Sajini aliweka saa mezani mbele ya mkuu wake. Kumi kwa sekunde kumi na moja. Kisha akaweka sindano kwenye ubeti wa nne.

Aliiacha mpaka santuri ikaanza kukwaruza tupu.

"Ubeti huu umerekodiwa na mashine hii," alisema Sajini. "Mashine haijatoka nyumbani. Anayeijua ni mmoja. Na tepu ilipotoka mikononi mwako ilikuwa na beti tatu. Nani amerekodi wa nne, Jailos?"

Jailos aliitazama mashine yake, hakumtazama mtu. Alipoanza kusema, alisema polepole na kwa urefu, na Koplo aliandika kurasa mbili. Edmund alimfikia Ijumaa ile ile, kwa njia ya biashara, akausikia wimbo, akamwahidi kwamba wimbo ukitoka kwenye santuri atampeleka Nairobi akafanye kazi kwenye chumba chenye mashine za kweli, umeme wa ukutani, maikrofoni nne. Wiki iliyofuata akarudi na Benedicta. Wakarekodi ubeti wa mwisho kwa betri mpya, Jailos akapiga gitaa mwenyewe, akakata tepu kwa wembe na kuiunganisha. Crispin alipaswa kuambiwa kwamba imeibwa, basi. Kofi ndilo lililoharibu. Majirani walitaka akashtaki, na alipofika kituoni hakupata mahali pa kugeukia.

"Sauti ile niliinasa mimi," alisema mwishoni. "Wao walikuja wakaimba, wakaenda. Mimi ndiye niliyelala na magunia ya pumba."

Inspekta akamwuliza Sajini shitaka ni lipi. Sajini alikuwa amepekua sheria usiku wa Jumapili wote, na jibu lilimchoma kulitamka. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, hilo lipo. Tepu yenyewe ilikuwa mali ya Jailos, na mtu haibi kitu chake. Edmund angehojiwa, angesema alidanganywa, na angeendelea kuuza. Wimbo wa mtu kuchukuliwa kooni mwake hakuuona kwenye kitabu chochote walichokuwa nacho pale kituoni. Na tepu? Jailos alisema ilibaki Nairobi, wakarekodi juu yake kitu kingine.

Saa tano Crispin alirudishiwa nguo zake. Sajini alimsubiri mlangoni, akamwambia yale aliyokuwa ameyapanga tangu Iringa: aliyemkamata ni yeye, na alikosea.

"Ulikosea miezi mitatu, afande," alisema Crispin. Hakusema kwa hasira. Akampita.

Paskalina alisimama alipomwona. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa mkali, naye alikuwa amejifunga kitenge mpaka shingoni. Walisimama hatua mbili mbali, gitaa katikati yao.

"Niliwaamini wao," alisema Paskalina.

"Najua. Wiki ya tatu niliacha kuuliza kama kuna barua."

Paskalina alimtazama alivyokonda, akamwambia aketi. Crispin akaketi kwenye benchi. Naye akaketi, kwanza mwishoni kabisa, kisha akasogea kidogo ili kumkinga upepo.

Sajini alikuwa bado mlangoni, karatasi za Jailos mkononi, askari wa zamu alipotoka na kuwaona. Watu watatu wenye shida zao walikuwa wamefika na walitaka mahali pa kusubiri. Askari akamnong'oneza Sajini kwamba waliofunguliwa wanapaswa kuondoka eneo la kituo, na benchi lile ni la walalamikaji.

"Waache," alisema Sajini. "Hao ndio walalamikaji."